Giro ya 2025: Del Toro na Carapaz walitegeana, lakini lawama ni ya nani?

Kwa mafundi baiskeli wa Majengo hapa Dodoma, ubishi wa Giro d'Italia ya 2025, mbio za baiskeli za wiki tatu za Italia ambazo Simon Yates alishinda, haujaisha. Wapo wanaosema Isaac del Toro alijimaliza mwenyewe, na wapo wanaomlaumu Richard Carapaz kwa roho mbaya. Mimi naona timu ya Del Toro, UAE, imeachwa itoke kirahisi mno.

Asubuhi ya hatua ya 20, siku moja kabla ya kumaliza Roma, Del Toro alikuwa na jezi ya waridi, ya anayeongoza kwa muda wa jumla. Carapaz wa timu ya EF alikuwa nyuma yake kwa sekunde 43, na Simon Yates wa timu ya Visma kwa dakika 1 na sekunde 21. Kwenye mlima wa Colle delle Finestre, ambao kilomita zake nane hivi za mwisho ni za vumbi, Yates akachomoka. Ndio mlima huohuo ambao mwendeshaji Chris Froome alimvua Yates jezi hiyohiyo mwaka 2018. Hao wawili wengine wakabaki kuangaliana, kila mmoja akingoja mwenzake avute, yaani atangulie kukata upepo.

Wanaomtetea Del Toro wana hoja. Kijana wa miaka 21 mwenye jezi kazi yake ni kumbana wa pili. Akivuta peke yake, Carapaz anakaa mgongoni anajikinga upepo, halafu anampita akiwa na nguvu zake zote. Aliyewahi kuendesha kutoka Bahi kuja mjini upepo wa mashariki ukimpiga usoni anajua hilo: wa mbele anatoka jasho, wa nyuma anapiga soga.

Ila hoja hiyo ina nguvu kwenye tambarare. Mlima ukiwa mkali mwendo unashuka, na faida ya kukaa nyuma ya mtu inapungua sana. Pale juu Del Toro angeweza kuvuta bila kumzawadia Carapaz kitu kikubwa. Tena Yates alipopata zaidi ya dakika na nusu, jezi ilikuwa imeshaondoka. Kumbana Carapaz wa sekunde 43 kulikuwa ni kulinda mlango wakati mwizi yuko barabarani. Carapaz naye hana pa kujificha, maana kutegea kulimshusha kutoka wa pili hadi wa tatu.

Sasa tazama Visma. Walimtanguliza Wout van Aert kwenye kundi la mbele mapema, akamsubiri Yates ng'ambo ya kilele na kumvuta bondeni kuelekea Sestriere, mwisho wa hatua. UAE hawakuwa na mtu kama huyo akimngoja Del Toro. Walikuja na manahodha wawili, Juan Ayuso na Adam Yates (pacha wa Simon); Del Toro aliibukia njiani, na Ayuso akajitoa hatua ya 18.

Wengine wanasema manahodha wengi ndio tatizo. Sikubali moja kwa moja: kwenye Vuelta ya 2023, mbio kama hizo za Hispania, Jumbo-Visma (jina la zamani la Visma) walikuwa na watatu na wakachukua nafasi zote tatu za juu. Lakini hata wao, kwenye mlima wa Angliru, Roglič na Vingegaard walimwacha mwenzao Sepp Kuss mwenye jezi nyekundu ya kiongozi, akabaki akiongoza kwa sekunde 8 tu.

Yates alishinda kwa dakika 3 na sekunde 56. Muda mwingi aliouchukua siku ile aliupata baada ya kilele, bondeni, pale ambapo mtu wa kukuvuta ndiye anayeamua.