Pitimosi au kokopiti? Angalia kwanza maji yako

Wenye vitalu vya miche ya nyanya na hoho ubishi wao ni huohuo, trei wajaze pitimosi (mboji ya vinamasini) au kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), na karibu kila mara unaishia kwenye bei. Watu wa kokopiti wanasema makumbi ya nazi Pwani yamejaa, ya nini kulipia mboji iliyochimbwa kwenye vinamasi vya Estonia au Kanada? Hoja wanayo. Mboji ile inaongezeka kama milimita 1 tu kwa mwaka, na kinamasi kikishakaushwa kinatoa hewa ukaa.

Ila tuje kwenye chumvi. Pitimosi asili yake haina chumvi ya maana, tatizo lake ni uchachu, pH inacheza kwenye 4 ndo maana inawekwa chokaa, na ni kaidi, ikishakauka kabisa maji yanateleza pembeni ya trei, juu unaona pamelowa ukichokonoa na kidole ndani vumbi tupu. Kokopiti hata ikikauka inanywa maji haraka, lakini makumbi yana potasiamu na sodiamu nyingi, na yale yaliyofukiwa ufukweni miezi kadhaa ili yatoe usumba wa kusokotea kamba ndo balaa zaidi. Ukiosha kwa maji matupu chumvi hiyo inatoka sehemu tu, nyingine imeng'ang'ania mpaka uloweke na mbolea ya kalsiamu naitreti, afu usuuze tena.

Sasa unasuuza na maji gani? Visima vingi vya Dar karibu na bahari ni maji chumvi, hapo unaosha chumvi kwa chumvi. Na unyevu na chumvi haviachani, trei ikipoteza nusu ya maji yake kwa jua la mchana basi chumvi kwenye maji yaliyobaki inakuwa kali karibu mara mbili, kingo za majani zinaungua, miche inadumaa, mwenyewe anadhani ina njaa anaongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi!

Kwangu mimi mwenye maji yasiyo na chumvi achukue kokopiti, aoshe, apime na EC mita (kifaa cha kupima chumvi), ikisoma chini ya milisimensi 1 kwa sentimita asie mbegu. Mwenye kisima cha chumvi bei isimdanganye, anunue pitimosi ya trei tu, si nyingi, na akinge maji ya mvua ya kumwagilia, maana akirudi kwenye kile kisima chake hata pitimosi itajaa chumvi vilevile.