Kabati la kioo si adui wa mtafiti

Kila maktaba ya historia ya chuo kikuu inapotangaza maonyesho mapya, au mhadhara wa jioni ulio wazi kwa yeyote, manung'uniko huanzia palepale kwenye chumba cha kusomea. Maktaba imegeuzwa ukumbi, watafiti husema. Wakutubi wanashinda wakiandika vibandiko huku masanduku ya nyaraka yakisubiri kuorodheshwa, na karatasi za miaka mia tatu zinaanikwa kwenye taa ili watu wazipite wakielekea kwenye vitafunwa. Wanayo na methali ya kuwatetea: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hifadhi nzuri haihitaji kupigiwa debe. Mwenye haja nayo ataifuata ilipo.

Hofu yao ina msingi. Wino ukishafifishwa na mwanga, hakuna fundi wa kuurudisha, na madhara hayo hujumlishwa: saa ya leo huongezwa juu ya saa ya mwaka jana. Azimio la Uhuru la Marekani lilitundikwa mkabala na dirisha katika Ofisi ya Hataza (ofisi ya kusajili uvumbuzi) mjini Washington tangu 1841 hadi 1876, na ukilitazama leo, sehemu kubwa ya sahihi zake imebaki kivuli. Waliolitundika hawakuwa wahalifu. Walitaka wananchi walione.

Siku hizi nyaraka za namna hiyo huwekewa kikomo cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), mwanga hafifu kiasi kwamba mgeni akitoka juani husimama kwanza mlangoni macho yazoee. Hesabu ya mwanga hutajwa sana na kupigwa mara chache, kwa hiyo tuipige. Barua moja ikionyeshwa kwa luksi 50, saa nane kwa siku, kwa siku 90, inakuwa imekula luksi-saa 36,000, yaani luksi mara saa. Tuseme meza ya kusomea ina luksi 400: mwanga huohuo ungetosha kusomea kwa saa 90. Ni nyingi, ndiyo. Sasa wagawie wageni. Wakija 20 tu kwa siku, idadi ambayo hata maktaba iliyojificha inaweza kuipata, jumla ni watu 1,800, na kila mmoja ametumia luksi-saa 20. Huo ni mwanga wa dakika tatu kwenye meza ya mtafiti. Dakika tatu! Mtafiti huzimaliza akitafuta penseli yake.

Mhifadhi wa nyaraka atanirekebisha hapo, na atakuwa na haki. Mtafiti hufunua kurasa, kwa hiyo mwanga wake hutawanyika. Maonyesho huunguza kurasa mbili zilezile siku zote 90. Dawa yake inajulikana: kitabu hufunuliwa ukurasa mwingine baada ya muda, kama wafanyavyo Trinity College mjini Dublin kwa Kitabu cha Kells, hati ya kale ya Injili yenye michoro, kisha hurudishwa gizani kupumzika. Nakala ya kisasa nayo inaweza kushika nafasi ya kitu chenyewe, mradi kibandiko kiseme wazi kuwa ni nakala. Mgeni akidanganywa hapo, hata vile vya kweli vilivyomo kabatini ataanza kuvishuku.

Lakini mwanga ni nusu ya ugomvi, na pengine nusu iliyo rahisi. Kinachowaudhi watafiti zaidi ni dhana kwamba maonyesho ni mapambo na kazi yenyewe iko kwingine. Sidhani wanaosema hivyo wamewahi kumwona mtu akiandaa kabati moja. Kitabu cha kurasa 400 kikilala juu ya kitako cha kukiegemeza, kurasa zikishikwa kwa mkanda mwembamba unaopitisha mwanga, kinaweza kuonyesha kurasa mbili tu. Zipi? Kulijibu hilo ni kukisoma chote. Kisha kibandiko: maneno themanini, ambamo tarehe yenye shaka haina pa kujificha, maana hakuna tanbihi ya kuisitiri.

Tazama maktaba ya William L. Clements katika Chuo Kikuu cha Michigan. Ilifunguliwa 1923 ikiwalenga watafiti waliobobea, hazina yake ikiwa nyaraka za Marekani ya kale, ambazo baadaye ziliongezewa karatasi za Jenerali Thomas Gage, kamanda wa Waingereza katika makoloni. Humohumo baadaye kiliingia kijitabu cha mapishi kilichochapwa mwaka 1866 katika mji mdogo wa Paw Paw, Michigan. Mwandishi wake ni Malinda Russell, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Tennessee, mjane mwenye duka la keki na mtoto mlemavu, aliyeporwa akiba yake wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani akakimbilia kaskazini. Alikichapa ili apate nauli ya kurudi kwao. Kabla hakijaibuka, kitabu cha Abby Fisher cha 1881 ndicho kilichohesabiwa kuwa cha kwanza cha mapishi cha mwanamke mweusi wa Marekani. Nakala moja tu ya Russell ndiyo inayojulikana kusalia. Ilinunuliwa na Jan Longone, aliyekuwa mlezi wa mkusanyiko wa mapishi wa maktaba hiyo, na mwaka 2007 maktaba ikachapisha nakala zake ili wengine wasome.

Chema hicho hakikujiuza. Kilikaa zaidi ya karne bila kujulikana, kwa kuwa vitabu vya jikoni havikuhesabiwa kuwa historia. Kama kingine cha aina yake kipo, hakimo kwenye katalogi yoyote. Kimo ndani ya sanduku la nguo la familia fulani, na familia hiyo haitapeleka barua za bibi yao kwenye jengo ambalo hakuna hata mmoja wao amewahi kuvuka kizingiti chake. Wakija jioni moja kusikiliza mhadhara, wakaona karatasi kama ya kwao imelazwa kwa adabu chini ya kioo, mazungumzo huanza. Mtafiti anayelalamikia maonyesho ya leo huenda anavuna yaliyopandwa na maonyesho ya zamani.

Kwenye masanduku yasiyoorodheshwa, hata hivyo, sina jibu la kuwanyamazisha. Mkutubi ni mmoja, na wiki aliyoitumia kwenye vibandiko hairudi. Chuo kinachotaka makabati yang'ae bila kuajiri mtu wa pili kinamwibia mtafiti mchana kweupe. Viti vya mhadhara navyo visipangwe ndani ya chumba cha kusomea. Aliyesafiri mbali akiwa na siku mbili tu za kusoma hapaswi kufungiwa daftari saa tisa alasiri ili meza yake itandikwe kitambaa.