Tamaa haina kifungu

Mapema mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika, nilikuwa dukani kwa Mangi wa mtaani kwetu nikisubiri mkate. Serikali ilikuwa imeshatangaza bei elekezi. Mangi naye alikuwa na sukari kidogo chini ya kaunta, aliyoinunua jumla kwa bei iliyozidi hiyo elekezi, kwa hiyo akawa anamuuzia anayemjua tu, kwa kunong'ona. Mzee mmoja aliyekuwa anangoja chenji akasema kwa sauti, "Hawa dawa yao ilikuwa Sokoine tu." Wateja wakaitikia. Mangi akacheka kwa adabu, kile kicheko cha mtu anayeombewa kifungo na wateja wake mwenyewe.

Sikumjibu. Mzee ni mzee, na foleni si mahali pa kubishana. Lakini neno lake limenikaa.

Niseme mapema kwamba Edward Sokoine, Waziri Mkuu wetu wa Tanzania wakati ule, simgusi kwa tabia. Hata waliomchukia hawakupata pa kumshika kwa rushwa. Ninachokigusa ni kile chombo alichokishika mwaka 1983, ambacho tumekisahau kwa sababu tunampenda aliyekishika.

Kamatakamata ya walanguzi, yaani walioshukiwa kuficha bidhaa ili waziuze ghali, ilianza mwishoni mwa Machi mwaka ule. Zaidi ya watu elfu moja wakawekwa ndani, kuanzia wenye maghala hadi wenye vibanda. Sheria ya kuwashtaki haikuwepo. Bunge liliipitisha baadaye, kisha ikarudishwa nyuma ili iwakute watu ambao tayari wako rumande. Ikaundwa mahakama maalumu ya wahujumu uchumi: dhamana hakuna, wakili hakuna, rufaa hakuna. Ukiuliza kwa nini mtu anyimwe wakili, jibu lilikuwa tayari limo ndani ya jina aliloitwa. Mlanguzi, mtu wa tamaa. Mtu kama huyo wakili wa nini?

Hapo ndipo ninapokwama na yule mzee. Wizi una kitu kilichoibwa na mwenyewe anayekidai. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji. Tamaa iko moyoni, na moyo haufanyiwi upekuzi, kwa hiyo anayetafuta tamaa hupekua kitu kingine: stoo, uvungu wa kitanda, darini. Akikuta magunia matatu ya sukari anakuwa ameshaona na moyo wako. Kama ulinunua matatu kwa sababu lori halitarudi hadi mwezi ujao, hayo utamweleza nani?

Na sukari yenyewe ilikuwa wapi? Sheria ya kudhibiti bei ilikuwa imepita tangu 1973, ikaleta Tume ya Bei iliyopanga bei za bidhaa kwa maelfu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yashike nafasi, na mengi ya ushirika hayakuishika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, mafuta yakapanda 1979, viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Mkulima aliyelipwa kidogo kwa kahawa yake na asiyeona cha kununua kwa hicho kidogo alikuwa na sababu gani ya kuvusha magunia mpakani usiku, kama si hiyo hiyo? Tuliita magendo. Yeye aliita kupata sabuni.

Uhaba huo ulimpa msimamizi kitu ambacho mshahara wake haukumpa. Katika nchi isiyo na sabuni, mwenye kuandika kibali cha sabuni ni mfalme mdogo. Meneja wa duka la umma, karani wa mgao, mgambo wa kizuizi cha barabarani, kila mmoja aliruhusiwa kuamua nani ana kingi mno. Tuliokua enzi hizo tunajua milango ya nyuma ya maduka ya umma ilivyokuwa na shughuli kuliko ya mbele. Baadhi ya wakubwa wa mashirika walikamatwa nao, hilo ni kweli, na haki isemwe. Lakini kiti chao hakikuondolewa. Alikaa mwingine.

Kilichomaliza ulanguzi kinachosha kusimulia, labda ndiyo maana hakisimuliwi. Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Rafu zikaanza kujaa. Mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia Ikulu na ruksa zake, na doti ya khanga ikarudi kuwa kitu cha kuchagua rangi. Wafanyabiashara walikuwa wale wale, wengine wakiwa wametoka rumande juzi tu. Sidhani kama mioyo yao ilikuwa imetakasika. Mwenye duka la pili alikuwa amefunguliwa mlango, basi.

Mwaka huo huo wa 1984 sheria ya mahakama maalumu ilibadilishwa, mawakili wakaruhusiwa, na haki za binadamu zikaingizwa kwenye Katiba, ingawa ilibidi kungoja hadi 1988 ndipo mtu aweze kuzidai mahakamani. Jina la uhujumu uchumi lenyewe halikuondoka. Nenda mahakamani leo uone lilivyo hai, na jirani yake wa siku hizi, utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana: mtu anakaa rumande miaka huku upelelezi "haujakamilika", na nje watu wanasema bila shaka alikula. Ni wangapi kati yetu tumeshasema hivyo? Mimi nimesema.

Mama yangu alikuwa na kibanda Morogoro. Masika ya 1983 alikuwa na miche ya sabuni kwenye boksi na doti sita za khanga, za harusi ya mdogo wake. Habari za misako zilipofika mtaani, khanga ziligawiwa kwa mama wadogo na mashangazi, wakawa wanatembea wamejifunga mbili mbili kama wana baridi. Sabuni haikuwa na pa kuvaliwa. Usiku aliitumbukiza chooni, mche baada ya mche. Wiki moja baadaye mvua zikazidi, shimo likajaa, na povu likaanza kupanda mchana kweupe. Sisi watoto tulifurahi sana. Mama alikaa mlangoni akilifagia na kuiangalia barabara.

Na Aprili 1984, redio ilipotangaza kwamba Sokoine amefariki kwa ajali huko huko Morogoro, mama alilia siku nzima. Simlaumu, na yeye haoni mgongano wowote.

Baada ya kutoka kwa Mangi nilimpigia simu nikamuuliza: kwani, mama, sheria iliruhusu miche mingapi? Akafikiri. "Hakuna aliyejua," akasema. "Ndiyo maana nilitupa yote."