Mguu kifundo: hogo libaki Mwanza, viatu vishuke zahanati

Wanaotaka huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa viungo vyake, zitoke hospitali ya rufaa ya mkoa zisogezwe wilayani wana hoja, na watu wa visiwa vya Ukerewe na Kome wana kila sababu ya kuidai. Tatizo ni kwamba huduma hizo husemwa kwa mkupuo, kana kwamba ni kitu kimoja. Tuchukue mguu kifundo, yaani mtoto anayezaliwa unyayo umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Tiba yake ni moja, lakini ina kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Kazi ya kwanza ni hogo, yaani plasta ngumu inayofungwa mguuni. Mtoto hufungwa upya kila baada ya siku 7, kwa kawaida mara 5 hadi 7, toka vidoleni hadi juu pajani, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Hogo la kwanza humshangaza mama, kwa sababu mguu unaonekana kama umezidi kupinda: mtaalamu anainua upande wa kidole gumba ili sehemu ya mbele ya unyayo ilingane na ya nyuma. Yanayofuata yanausukuma unyayo kwenda nje, taratibu, dole gumba la mfungaji likiegemea kichwa cha mfupa wa talasi, kile kinundu kinachojitokeza upande wa nje mbele ya kifundo. Akiegemea mahali pengine, mfupa wa kisigino unakwama na wiki nzima zimepotea. Akiharakisha kuunyanyua unyayo kabla haujatoka nje vya kutosha, unavunjikia katikati na kuwa wa mviringo kama tako la mtumbwi. Akiishia chini ya goti ili kubana bandeji, hogo linateleza, vidole vinazama ndani na ngozi inachubuka. Mwishoni watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, kisha hogo la mwisho linakaa wiki 3.

Ujuzi huu uko vidoleni, na hudumu kwa kurudiwa. Mguu kifundo hupata mtoto 1 hadi 2 katika kila vizazi 1,000. Kituo cha afya kinachozalisha akina mama 100 kwa mwezi kitaona mmoja au wawili kwa mwaka mzima. Ukimfundisha tabibu hapo, mtoto wa pili atamkuta ameshasahau, au ameshapata uhamisho. Kwa hesabu hiyo peke yake, hogo lifungwe mjini Mwanza, kwenye hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Sasa upande wa pili. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limewaondolea watu wa Sengerema foleni ya kivuko. Wa Nansio, kule Ukerewe, bado anapanda meli. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure, lakini nauli haimo. Ukihesabu mahogo, kano, kuvalishwa viatu na marudio, mwaka wa kwanza haupungui safari 12, na kila safari ni siku ambayo mama hakuanika dagaa. Akiruka wiki moja, hogo la siku 7 linakuwa la siku 14 kwenye mguu unaokua.

Wengine hupendekeza huduma mkoba. Kwa hogo haifai. Timu inayofika kijijini mara moja kwa mwezi, au kwa robo mwaka, haiwezi kuendesha kazi inayodai kila wiki. Lililo bora kwa wa visiwani ni kufupisha muda: kubadilisha hogo mara 2 kwa wiki hutoa matokeo yale yale, na mama anayelala kwa ndugu Igoma, mjini Mwanza, anakamilisha mahogo 6 kwa takribani wiki 3. Hapo kuna jambo linalosahaulika mno. Chanjo za wiki ya 6 na ya 10 huchomwa pajani, na paja liko ndani ya hogo. Muuguzi wa kijijini atafanya nini? Sindano ichomwe hospitalini siku ya kubadilisha, hogo la zamani likishatoka na jipya halijafungwa.

Kazi ya pili ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, cha mguu kifundo kikitazama nje nyuzi 60 hadi 70 na cha mguu mzima nyuzi 40 hivi. Huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku na usingizi wa mchana hadi miaka 4 au 5. Tiba nyingi hufia hapa, maana mguu umeshanyooka na mama haoni sababu. Mtoto analia usiku wa kwanza na wa pili, bibi anaamuru vivuliwe. Na mbeleko nayo ina neno: ufito haumruhusu mtoto kupanua miguu kiunoni mwa mama, hivyo asipoonyeshwa namna nyingine ya kumbeba, viatu vitavuliwa kila anapotoka.

Kuangalia hayo hakuhitaji mtaalamu wa mkoa. Mama tayari anampeleka mtoto zahanati kupimwa uzito. Muuguzi akitazama kama kisigino kimekaa chini ndani ya kiatu, mkanda wa katikati umekaza, hakuna lengelenge, na vidole havijapita ukingo wa kiatu, kazi imeisha kwa dakika 5. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuuliza nyumbani saa za kuvaa.

Ugumu uliopo ni wa kweli: zahanati haiwezi kutunza saizi zote za viatu, na karakana inayovitengeneza iko mjini. Urefu wa unyayo kwa sentimita utumwe kwa simu, viatu viletwe na basi au meli. Kinachohofiwa zaidi ni muuguzi kutotambua mguu unaorudia kupinda. Dalili ya mapema inaonekana uani: mtoto wa miaka 2 anachuchumaa na kisigino cha mguu ule hakigusi ardhi. Huyo apewe rufaa wiki hiyo hiyo, kwa sababu bado mahogo 2 au 3 yanaweza kumtosha.