Johnny Doran: je, santuri za 1947 zinatosha kumpima mpiga zumari?

Muziki wote wa Johnny Doran, mpiga zumari ya mfuko wa Ireland, unaojulikana kubaki ulirekodiwa Dublin mwaka 1947, na ukiunganishwa hautimizi saa moja. Juu ya msingi huo mwembamba umesimama mtindo mzima. Mpiga zumari wa Ireland akitajiwa "upigaji wa Doran" anajua papo hapo kinachosemwa: mbio, noti zinazomiminika bila kukatika, na chodi, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, zinazogongwa kama ngoma chini ya wimbo. Wapo wanaoshikilia kwamba santuri hizo ndizo kipimo, na kwamba anayetaka kupiga hivyo azifuate noti kwa noti. Wengine wanaona ni dhuluma kumfungia msanii wa barabarani ndani ya rekodi za mwaka mmoja, tena mwaka ambao afya yake ilikuwa imekwisha kudhoofika.

Doran alizaliwa mwaka 1908 hivi katika Wasafiri wa Ireland, jamii ya wenyeji wa nchi hiyo ambao tangu zamani waliishi kwa kuhamahama. Katika ukoo wake alikuwamo John Cash, mpiga zumari mashuhuri wa karne ya 19, na mdogo wake Felix naye alikuja kuwa na jina katika zumari hiyohiyo. Johnny aliishi na familia yake katika nyumba ya magurudumu iliyokokotwa na farasi, akifuata magulio, mbio za farasi na mechi, hasa upande wa magharibi, kaunti ya Clare. Alipiga nje, mbele ya watu wanaopita, akilipwa walichompa.

Aliyemfikisha mbele ya mashine ni rafiki yake John Kelly, mpiga fidla wa Clare aliyekuwa akiishi Dublin. Kelly aliona hali ya mwenzake ikizidi kuwa mbaya, akaenda Tume ya Mapokeo ya Ireland, iliyokusanya simulizi na muziki wa jadi, na Kevin Danaher wa Tume hiyo akafanya kazi ya kurekodi. Januari 1948, miezi tu baadaye, ukuta uliangushwa na upepo juu ya nyumba ya Doran jijini Dublin. Hakupona majeraha hayo. Alifariki Januari 1950. Kelly angechelewa kidogo, leo tungekuwa tunabishana juu ya kumbukumbu za wazee peke yake.

Ubishi wenyewe hauwezi kufuatwa bila kukijua chombo. Zumari hii, iitwayo uilleann, haipulizwi kwa mdomo. Mpigaji hukaa, mvukuto mdogo ukiwa umefungwa kwenye mkono wa kulia, na kiwiko kinapousukuma, upepo huingia katika mfuko uliobanwa chini ya mkono wa kushoto. Kwa hiyo matete yake hayalowi mate, tofauti na yale ya nzumari ya Lamu au Mombasa. Bomba linalochezewa vidole hutoa oktavu mbili, na ncha yake ya chini hutua kwenye paja, juu ya kipande cha ngozi. Ukiziba matundu yote huku ncha ikiwa pale, sauti inakatika kabisa. Zumari nyingi za mfuko haziwezi kunyamaza katikati ya wimbo; hii inaweza, na hapo ndipo mitindo miwili inapoachana.

Mtindo wa kufunga huziba tundu moja kabla ya kufungua jingine, bomba likibaki pajani, hivyo kila noti inasimama peke yake kama punje ya mtama. Mtindo wazi huacha vidole vingine juu, ukaziunganisha noti, na mara nyingi bomba huinuliwa kidogo ili sauti ipate ukubwa. Pembeni yapo mabomba matatu ya mvumo, kila moja likishikilia noti moja isiyobadilika, yaliyopishana kwa oktavu, na regulata tatu, mabomba ya kutolea chodi, zenye funguo 13 kwa jumla, ambazo mpigaji huzibonyeza kwa ukingo wa kiganja cha kulia wakati vidole vikiendelea na wimbo.

Sasa hoja ya wanaozitetea santuri, nami naiona ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Sifa iliyobaki vinywani ni kwamba Doran alikuwa mpigaji wa mtindo wazi basi. Santuri zinakataa. Katika rili, wimbo wa ngoma ya mwendo wa haraka, kama "Rakish Paddy" unasikia mkondo wazi, kisha ghafla noti tatu za haraka zilizofungwa barabara, kila moja na ukimya wake, halafu mkondo unarudi. Alichanganya, na utamu uko katika mchanganyiko huo. Mkono huu haukuweza kuhifadhiwa na masimulizi, kwa sababu msikilizaji wa gulioni hubeba moyoni msisimko, hajui kidole kipi kiliziba lini. Hata regulata zake zinaeleweka kwa kusikiliza tena na tena: hazikai chini ya wimbo kama zulia, zinagonga na kuachia, zikisukuma mapigo.

Upande wa pili una hoja zake, nazo si za kimapenzi. Ya kwanza ni urefu. Upande wa santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika huchukua dakika 3 hivi, ya inchi 12 dakika 4 au 5. Rili ya sehemu mbili, kila sehemu ikirudiwa, kwa mwendo wa kasi huisha mzunguko mmoja ndani ya sekunde 35 hivi. Dakika tatu ni mizunguko mitano. Mpigaji wa gulio aliyezoea kukaa na wimbo mmoja mpaka watu wakusanyike, akiubadilisha kila mzunguko, hapa alipaswa kufunga kabla sindano haijafika mwisho. Tunachosikia ni mabadiliko aliyopata nafasi ya kuyatoa. Hatuna haki ya kusema hayo ndiyo aliyokuwa nayo.

Ya pili ni kasi, na hapa wengi wanaoiga hujikwaa. Santuri ikizungushwa haraka kwa asilimia 6 tu, mwendo unaongezeka na sauti inapanda nusu toni. Mvumo husaidia kugundua kama mzunguko ulikuwa ukiyumba, maana unapaswa kubaki palepale tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini hauwezi kukuambia kasi halisi, kwa kuwa zumari za zamani hazikufuata kipimo kimoja cha toni. Kwa hiyo mtu anayeweka metronomu, kifaa cha kupimia mwendo, kando ya nakala na kutangaza "hii ndiyo kasi ya Doran" anadai asichoweza kukithibitisha.

Ya tatu inamhusu Willie Clancy, mpiga zumari wa Miltown Malbay huko Clare, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Clancy alimsikia Doran ana kwa ana katika miaka ya 1930, na kusikia huko ndiko kulikomvuta kwenye zumari. Lakini Clancy mkubwa, tunayemjua kwenye rekodi zake mwenyewe, hapigi kama Doran. Alikwenda pia kwa wapiga zumari Leo Rowsome na Séamus Ennis, mkono wake ukajifunga zaidi. Aliyesimama mbele ya mtu hai alichukua ari yake akatengeneza sauti yake. Santuri haimwachii mtu nafasi hiyo kwa urahisi: inarudia kosa lilelile, pambo lilelile, mahali palepale, hadi nakshi ya bahati ya mwaka 1947 inageuka kanuni. Rekodi zilipotolewa kwa umma mwaka 1988, ulimwengu wa zumari ulikuwa tayari na shule, mashindano na mashine za kupunguza kasi, na mtego huo ukapanuka.

Linganisha na mpiga zumari Patsy Touhey, aliyezaliwa Galway mwaka 1865 na kufanya kazi Marekani hadi kifo chake 1923. Touhey alijirekodi mwenyewe kwenye silinda za nta na kuziuza kwa posta, kisha akarekodi santuri za biashara. Yeye alichagua nini kibaki. Doran hakupewa chaguo hilo.

Nikipima pande zote mbili, naziamini santuri katika mambo ya mkono, na siziamini katika mambo ya kasi, urefu na upana wa hazina yake. Makosa ya wanaoiga yanathibitisha. Wanachukua mbio kwanza, wanaacha ukimya. Wanainua bomba pajani kila mara, kumbe kila kuinua kunabadilisha toni na kutikisa oktavu ya juu, ambayo hupatikana kwa kuziba bomba kitambo kidogo na kuongeza mgandamizo wa kiwiko. Wanagonga regulata zote tatu pamoja, upepo unaisha kwa sababu kila funguo inayofunguka inakula hewa, mfuko unalegea, mvumo unashuka. Doran alizigonga kwa muda mfupi mno, ndiyo maana mfuko wake hausikiki ukitweta.

Anayetaka kujifunza kutoka kwake na aanze na vipande vifupi: mapigo manane, mvumo umezimwa, regulata hazijaguswa, bomba limetulia pajani mpaka noti tatu zilizofungwa zisikike tatu kweli. Kisha aufungue mkondo kuzizunguka. Hali ya hewa ikiwa kavu, tete hujifunga na sauti kunyong'onyea. Ikiwa na unyevu hufunguka na kuwa nzito kusukuma, na siku hiyo mbio za santuri hazitapatikana hata vidole viwe hodari kiasi gani. Doran alipiga nje, katika mvua na upepo wa magharibi, mwaka baada ya mwaka, na jinsi alivyoitunza tete yake katika hali hiyo ni ujuzi ambao hakuna santuri iliyoushika.