Uvuvi wa Malagarasi ufungwe kwa kalenda ya nani?

Ukishuka treni Nguruka, mkoani Kigoma, mwezi wa Septemba, kapu la mama muuza samaki litakueleza hali ya mto kabla hujauona. Ni kambare watupu, weusi kwa moshi, mkia umepindwa ukashikizwa mdomoni. Ungepita hapo Juni, maji yakianza kushuka kutoka mbugani, ungemkuta na perege pia.

Tangu serikali ilipofunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, nimekuwa nikijiuliza: na huku bondeni je? Malagarasi–Moyowosi ni ardhioevu ya kilomita za mraba zipatazo 32,500, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, mwaka 2000, na maji yake mwisho wake ni ziwa lilelile.

Anayetaka tarehe ziwe moja ana hoja. Soko ni moja. Ziwa likifungwa na mto ukaachwa wazi, samaki wa ziwani atapewa jina la mto kabla hajafika mnadani, na mkaguzi hatakuwa na la kusema.

Ila mbuga haiendi kwa tarehe. Mvua za Kigoma na Tabora hunyesha Novemba mpaka Aprili au Mei, na mto unapofurika kambare hupanda kwenye majani yaliyozama akataga humo, makinda yakapata chakula na maficho. Kufikia katikati ya Mei kazi kubwa imekwisha. Samaki wengi wanaonaswa kwenye mitego ya migono Juni na Julai wanayakimbia maji yanayokauka. Wakiachwa, sehemu kubwa itaishia kwenye madimbwi, mikononi mwa jua na ndege korongo. Kumzuia mvuvi miezi hiyo ni kumnyima samaki ambao mto nao hautawafaidi.

Kuna wanaosema tatizo si msimu, ni maji kuharibika, na ushahidi wao ni huo wingi wa kambare. Hapo nasita. Maji ya chini ya mafunjo huwa na hewa kidogo hata pasipo mtu kuyagusa, kwa sababu majani yanayooza huimaliza. Na joto linaongezea: maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Kambare ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, kamongo ana mapafu kabisa. Dimbwi la Septemba ni lao kwa maumbile. Perege hana msaada huo. Utamwona alfajiri amepanga mdomo usoni pa maji, anahema.

Hata hivyo hawajakosea wote. Misitu inayokatwa Kaliua na Urambo kwa ajili ya mashamba na kukaushia tumbaku, na ng'ombe wanaokanyaga kingo, vinashusha udongo mtoni. Kina cha mto, yaani sehemu yenye maji marefu, kilichokuwa kinavuka kiangazi bila kukauka, kikijaa tope kinakuwa dimbwi la kawaida. Kisha mvua ya kwanza inakuja na majivu na samadi, hewa inakatika, samaki wanaelea, na kijiji kinaanza kutafutana nani katia sumu. (Wapo wanaotia kweli, ndiyo maana tuhuma haiishi.)

Kwangu mimi, samaki wa kulindwa ni yule aliyebaki kwenye kina Septemba na Oktoba, maana ndiye mbegu ya mafuriko yajayo. Vina hivyo vya mto ndivyo vifungwe, basi, kuanzia mto unapokatika kuwa madimbwi hadi maji yapande mbugani, na wavu wa kukokota, kokoro, usiingie humo. Lakini atakayelipa gharama ni nani? Oktoba kaya nyingi mahindi yamepungua ghalani, na kambare wa kwenye kina ndiye kitoweo ambacho mtoto mwenye ndoana moja anakileta nyumbani bila senti.