Gemu Gani Iingie Darasani?

Mwaka 2011, chuo cha Wabash huko Indiana, Marekani, kiliingiza gemu ya Portal kwenye kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza, sambamba na utenzi wa kale wa Gilgamesh na maandishi ya mwanafalsafa Aristotle. Aliyeipendekeza, Michael Abbott, ni mwalimu wa sanaa za maonyesho, wala si wa kompyuta. Ubishi wa kama gemu inastahili kukaa na Aristotle umeshanichosha. Kigumu zaidi ni kuchagua: kwa nini hiyo, na gemu zimejaa tele?

Kwanza ni muda. Portal, ya mwaka 2007, unaimaliza kwa saa tatu au nne. Persona 5 inakula karibu saa mia, na mwanafunzi ana kozi nyingine.

Pili, Portal ilikuwa na kazi ya kufanya darasani. Abbott aliifundisha pamoja na Erving Goffman, mwanasosholojia aliyesema kwamba maishani tuna jukwaa la mbele, la kuigizia watu, na la nyuma tunakojiachia. Ndani ya Portal unapitishwa kwenye vyumba vya majaribio, vyeupe, safi, huku sauti ya mashine ikikusifu na kukuahidi keki. Kisha unakuta kipande cha ukuta kimeachia. Ukichungulia nyuma yake kuna uchafu, makopo matupu, na maandishi ya mtu aliyejificha humo: keki ni uongo. Goffman angehitaji kurasa kadhaa kukufikisha hapo.

Wanaopinga uchaguzi wa aina hii wana hoja, tena nzito. Kozi ikijaa gemu fupi zenye hadithi nadhifu, mwanafunzi atatoka akidhani gemu ni riwaya yenye vitufe. Umati wa wachezaji uko kwenye gemu za mtandaoni kama Fortnite na PUBG ya simu: hakuna mwisho, mavazi ya wahusika yananunuliwa kwa hela halisi, na matusi ya watu usiowajua hayakosekani. Ukizikwepa hizo, utafundishaje biashara ya gemu? Shida ni kwamba hazitulii. Ya muhula huu siyo ya muhula ujao, na seva zikizimwa somo limekwisha. Hata za zamani hazipatikani kirahisi: utafiti wa 2023 wa Video Game History Foundation, shirika linalohifadhi historia ya gemu, ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena.

Halafu kuna suala la mikono. Kila aliyefika chuo anajua kusoma, lakini si kila mmoja amewahi kushika pedi ya kuchezea gemu, na wengine Portal yenyewe huwatia kizunguzungu. Kwa hiyo ningeanza na Papers, Please ya 2013. Wewe ni afisa wa mpakani, unakagua pasipoti kwa mausi tu, unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia, na jioni unaamua pesa iende kwenye chakula, joto la nyumba au dawa ya mtoto. Aliyewahi kupanga foleni ya uhamiaji hahitaji kuelezwa zaidi, ila safari hii yeye ndiye mwenye mhuri.

Baada ya hapo niweke gemu moja ya mtandaoni, ichezwe wiki chache kwa saa zilizowekewa kikomo, kila mwanafunzi akiandika alichonunua na kilichomvuta anunue. Maksi zitolewe kwa maandishi hayo. Kushinda kusihesabiwe kabisa.